Kupumzika si Uvivu

Wako watu wengi katika nchi yetu wanaodhani ya kuwa kupumzika ni jambo la matajiri na wageni. Mkulima akiweka jembe chini siku mbili, jirani husema amekuwa mvivu. Na karani akipata likizo, fedha zake zimekwisha gawanywa kwa karo, mabati na matanga kabla hajafunga meza yake. Mimi sina ubishi na karo wala matanga. Lakini nataka kueleza faida niliyoiona katika siku mbili tulizokaa Wundanyi, katika milima ya Taita, nanyi wasomaji mtapima wenyewe.

Tulikuwa watu wanne tuliosoma pamoja katika shule ya bweni. Mmoja ni mwalimu, wa pili ni mkulima wa mboga, wa tatu ni karani mjini Mombasa, na wa nne ni mimi. Urafiki wetu ulikuwa umeingia ufa. Karani alimkopesha mkulima fedha za kununua pampu ya maji. Mvua zikakosekana, mto ukakauka, deni halikulipwa, na kwa miaka miwili watu hawa hawakupeana mkono. Hata mazishini mmoja alisimama upande huu na mwingine upande ule. Mwalimu ndiye aliyetoa shauri kwamba twende mahali pasipo na ofisi, shamba, wala baraza la wazee. Wote wawili walikubali, nadhani kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake hatafika.

Siku ya Ijumaa tulikutana Voi, sisi wa Nairobi tukishuka kwa gari moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Nchi ya Voi ni kavu, udongo wake mwekundu, nayo imepakana na mbuga za Tsavo zilizotengwa mwaka 1948. Tulipanda matatu, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha tukaiacha njia ya Taveta na kuanza kukwea. Barabara hujipinda kama nyoka, na kila kona huleta upepo wenye baridi zaidi. Karani, aliyezoea joto la pwani, hakuwa na koti. Mkulima alikuwa na sweta mbili. Alimpa moja bila kusema neno, naye akaipokea bila kusema neno.

Wundanyi si mji mkubwa, ingawa kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya wilaya. Mashamba yamekatwa matuta kwa matuta mpaka juu mlimani, na mboga zake huteremshwa hadi Voi na Mombasa. Usiku tulilala chini ya blanketi nzito, na hapana mbu aliyetusumbua.

Jumamosi tulitembea kwa miguu hadi msitu wa Ngangao. Hapo nilifahamu jambo ambalo kila mkulima apaswa kulijua. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huvuka nyika zikiacha mvua haba. Zikifika kwenye milima hii hupanda, hupoa na kuwa ukungu. Majani ya miti hunasa ukungu huo, nao hudondoka chini na kulisha chemchemi. Misitu ya asili imekatwa sana, na iliyosalia ni vipande vidogo tu. Humo yumo ndege mmoja mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa, ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima ya Taita.

Tulipokuwa tukirudi, tulimkuta mzee mmoja akifungua mfereji wa maji kwa jembe. Mkulima wetu, ambaye hawezi kupita penye maji asiulize, alimwamkia, kisha akamwuliza wanagawanaje maji wakati wa kiangazi. Mzee akajibu, "Kwa zamu, mwanangu. Maji yakipungua, zamu hufupishwa, lakini hapana mtu anayefutwa katika zamu."

Jioni, baada ya kula kimanga na kunywa chai, mkulima ndiye aliyeanza. Alisema, "Ndugu yangu, sikukuepuka kwa dharau. Nilikuepuka kwa aibu." Karani alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nami sikukasirishwa na fedha. Nilikasirishwa na kimya chako." Wakayakumbuka maneno ya yule mzee, wakapatana kwamba deni litalipwa kwa zamu: sehemu katika kila mavuno, na msimu wa ukame sehemu itapunguzwa. Mwalimu aliandika mapatano hayo katika karatasi, sote tukatia sahihi. Deni halikufutwa, wala mkulima hakuomba lifutwe.

Jumapili alfajiri mbingu zilikuwa safi. Tuliona nyika yote chini yetu, na mbali upande wa magharibi, Kilimanjaro. Wale wawili walikuwa wakibishana juu ya bei ya nyanya kama walivyokuwa wakibishana zamani juu ya mpira.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza, "Je, hayo hayakuweza kusemwa kwa simu?" Miaka miwili simu zilikuwepo, wala hayakusemwa. Mtu mwenye haraka husikia hesabu tu. Mtu aliyetulia husikia na sababu.

Basi nawashauri wenzangu: si lazima mwende mbali wala mlale katika hoteli kubwa. Wekeni akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima, changeni nauli na chakula sawasawa, chukueni nguo za baridi, mkatazame milima ya nchi yenu. Na kama miongoni mwenu yupo mwenye deni au kinyongo, msimwache nyumbani. Huyo ndiye aalikwe kwanza.