Picha Iliyokuwa Bado Mbichi

Nilipoanza uuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu aliyevunjika mfupa wa paja alikuwa mwenyeji wa wodi. Alilazwa chali, chuma chembamba kimepitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikatoka hapo kupitia kwenye roda hadi kwenye uzito ulioning'inia miguuni pa kitanda. Hapo ndipo mfupa ulipoachwa ujiunge wenyewe. Wiki sita zilikuwa chache, na wengi walivuka miezi miwili. Wake zao walitujua kwa majina zamu zote, na huko nyumbani genge lilifungwa, shamba likaota magugu. Eksirei ilipigwa siku ya kwanza, ikapigwa tena baada ya majuma kadhaa kuona kama mfupa umeshika. Kati ya picha hizo mbili kulikuwa na subira tupu.

Dawa ya mateso hayo ilishajulikana zamani. Mjerumani Gerhard Küntscher alipitisha chuma kirefu ndani ya uboho wa paja mwaka 1939, na mgonjwa akaweza kusimama mapema. Wamarekani waliotekwa vitani walirudi kwao na vyuma hivyo mwilini, na madaktari wa huko walipowapiga eksirei walishangaa. Habari ya upasuaji mpya iliwafikia kwa njia ya picha. Lakini Küntscher alipitisha chuma bila kufungua mahali palipovunjika, na alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na mionzi ya kumwonyesha njia wakati anafanya kazi. Asiyekuwa na mashine ya namna hiyo ilimbidi alifungue paja, aushike mfupa kwa mikono.

Sisi tulifungua. Na tulipotaka kujua kama chuma kimekaa sawa, tuliita eksirei ya kusukuma kwa magurudumu. Sahani ya filamu ilifungwa kwa kitambaa kilichotakaswa, ikaingizwa chini ya paja, watu wakatoka nje, picha ikapigwa. Mimi ndiye nilikuwa wa kukimbia. Nilisimama mlangoni pa chumba cha giza nikisikia maji yakimwagika, mpaka fundi aliponikabidhi filamu iking'ang'ania kibanio chake, bado mbichi, inachuruzika dawa. Nilirudi nayo thieta nikiishika mbali na gauni la mtu yeyote, nikaiinua mbele ya taa. "Sista, shusha kidogo. Igeuze." Daktari alisogeza uso, mikono yake yenye glavu ameikunja kifuani asiguse kitu. Mara nyingine alitikisa kichwa: skrubu imepita pembeni ya tundu la chuma. Ikatolewa, ikatobolewa upya, nami nikarudi mlangoni pa chumba cha giza. Wakati wote huo kidonda kiko wazi, damu inaendelea kuvuja, mtaalamu wa usingizi anaangalia saa.

Skrubu hizo ndizo zilizokuwa kiini cha taabu. Chuma kina matundu huku na huku, na skrubu zikipita humo zinauzuia mfupa usizunguke wala usifupike. Matundu ya juu yako karibu na mpini wa kuingizia chuma, si kazi kuyapata. Ya chini yamejificha ndani kabisa ya mfupa, karibu na goti.

Ndiyo maana vyuma vya shirika la SIGN vilipotufikia niliviheshimu tangu mwanzo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1999 huko Richland, katika jimbo la Washington, na daktari wa mifupa Lewis Zirkle aliyewahi kuwa daktari wa jeshi Vietnam. Alitengeneza chuma kwa ajili ya hospitali isiyo na mashine ya kuona ndani. Juu ya ngozi unafungwa mkono wa chuma wenye matundu yanayolingana na yale yaliyofichwa. Daktari anatoboa kupitia hapo, kisha anaingiza kijiti maalumu kulitafuta tundu kwa kupapasa. Nilikuwa namwangalia usoni, si mkononi. Macho yanaacha kutazama kitu chochote, mdomo unafungwa, halafu: "Imo." Msaidizi anautikisa mpini taratibu, na kijiti kikitikisika pamoja nao, basi kweli imo. Nilimpa skrubu kwa furaha kila mara, na sikuwahi kuchoka.

Picha hapo ilikuja baadaye. Eksirei za kabla na baada ziliingizwa kwenye kumbukumbu za shirika mtandaoni, na vyuma vilivyotumika vikarudishiwa vingine bila malipo. Miezi ikipita, ikaongezwa picha ya simu tu: mgonjwa amechuchumaa hadi chini, anatabasamu. Anayechuchumaa hivyo bila kukunja uso, kuna kila dalili kwamba mfupa wake umeshika, na hakuhitaji kukopa nauli na pesa ya eksirei ili tujue.

Mashine ya mionzi yenye mkono wa umbo la herufi C ilipoingia thieta, kukimbia kwangu kuliisha. Daktari anakanyaga pedali na mfupa unatokea kwenye skrini papo hapo. Tundu la chini likiangaliwa kwa upande linaonekana kama yai. Mkono wa mashine unazungushwa kidogo kidogo hadi yai linakuwa duara kamili, na katikati ya duara hilo ndipo pa kutoboa. Kidonda kilichokuwa cha paja zima kikabaki michirizi michache, na mgonjwa akatoka wodini siku chache baadaye kwa magongo. Nimeona wanaume wakilia kwa kuambiwa waende nyumbani.

Jambo linaloniuma ni aproni za risasi zinazokinga mionzi. Mwingereza John Hall-Edwards alikuwa wa kwanza kutumia eksirei kuongoza upasuaji, mwaka 1896, na mionzi hiyohiyo ilimfanya akatwe mkono wa kushoto mwaka 1908. Zaidi ya karne imepita, lakini nimefanya kazi mahali ambapo aproni zilikuwa pungufu na muuguzi ndiye aliyeachwa bila. Nyingine zilikunjwa na kurundikwa kabatini, na aproni iliyokunjwa hupasuka kwa ndani usione. Hilo halikubaliki. Anayekanyaga pedali aangalie kwanza nani amesimama chumbani na amevaa nini.

Tena mashine ikiharibika, madaktari vijana huahirisha upasuaji, ilhali seti ya SIGN iko rafuni. Siwalaumu; hakuna aliyewafundisha kupapasa. Ningetaka kila mmoja wao afunge skrubu kadhaa skrini ikiwa imezimwa, akisimamiwa na wale waliozoea, kabla hawajastaafu.

Siku hizi picha inamtangulia mgonjwa. Mama aliyegongwa na bodaboda bado yuko kwenye gari la wagonjwa, na eksirei yake kutoka wilayani imeshafika kwenye simu ya daktari. Ananionyesha: vunjiko la katikati, mfupa umegawanyika vipande vitatu. Naanza kuandaa vyombo. Ila picha ya simu haitupi urefu wa kuaminika, kwa hiyo mama akifika, daktari anachukua futikamba na kulipima paja lake lililo zima.