Mchezo Uliorudi na Deni Lililorudi Nao

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mimi nililikimbia deni langu kwa muda wa miaka 25, wala sikutazamia hata kidogo kwamba siku moja litanibishia hodi nyumbani kwangu, tena kwa njia ya mchezo wa watoto. Nawasimulieni, ndugu wasomaji, kwa sababu najua kwamba wengi wenu mmelelewa kambini kama mimi, na wengi mnalea humo hivi sasa.

Mchezo wenyewe huitwa Street Fighter. Ulibuniwa nchini Japani na kampuni ya Capcom mwaka 1987, lakini ni toleo la pili, la mwaka 1991, lililoutangaza ulimwenguni. Watu wawili huketi mbele ya televisheni, kila mmoja na padi yake mkononi, na kila mmoja humchagua mpiganaji wake. Katika toleo hilo la pili walikuwapo wapiganaji wanane wa kuchagua, kila mmoja na nchi yake na namna yake ya kupigana. Miongoni mwao alikuwako Guile, askari wa jeshi la anga la Marekani, na Chun-Li, afisa wa polisi wa kimataifa kutoka China, aliyekuwa akimwinda mtu aliyemwua baba yake.

Sisi tulikuwa watoto wa askari polisi katika mji mmoja wa mashariki ya Uganda. Nje ya uzio wa kambi palikuwa na kibanda cha mabati, na ndani yake televisheni moja na mashine ya Sega. Mwaka 2000 mimi nilikuwa na miaka 11 na kaka yangu miaka 14. Yeye siku zote alimchagua Guile. Mimi nilimchagua Chun-Li, kwani yeye pekee alikuwa mwanamke katika wale wanane, na tena alikuwa polisi kama baba. Wavulana walinicheka hata walipoanza kushindwa.

Kaka alinifundisha jambo moja ambalo sijalisahau. Katika mchezo ule, mtu hujikinga kwa kurudi nyuma. Na pigo kubwa la Guile, lile la kurusha upepo, halitoki mpaka kwanza umerudi nyuma, ukakaa hapo kitambo, ndipo usonge mbele na kupiga. "Mwenye pupa hawezi kumtumia Guile," alikuwa akiniambia.

Nami nilikuwa na pupa. Jioni moja baba alinipa shilingi 500 nikanunue mafuta ya taa. Nilipita kibandani nikitaka kutazama tu. Nilipotoka, giza lilikuwa limeingia, chupa ilikuwa tupu na fedha zimekwisha. Niliiweka chupa jikoni nikanyamaza. Baba alipouliza kwa ile sauti yake ya gwaride ni nani aliyekula fedha za mafuta, mdomo wangu ulikauka. Kaka alinitazama mara moja, kisha akasema, "Ni mimi, baba. Nilimnyang'anya njiani."

Alichapwa, lakini viboko si kitu. Maumivu yake hayakupita juma moja. Lililobaki ni kwamba tangu siku ile baba hakumtuma tena dukani, wala hakumwachia ufunguo wa nyumba. Kila palipokuwa na fedha, niliitwa mimi. "Huyu ndiye mwaminifu wangu," baba aliwaambia wageni, na kaka akiwa ameketi papo hapo. Nilikwenda chuo cha ualimu nikiwa na jina hilo, na nikaingia katika kazi ya serikali nikiwa nalo. Kaka aliingia jeshini, akatumikia Somalia pamoja na majeshi yetu, akarudi salama. Baba alifariki mwaka 2016. Alikufa akiamini alichoamini.

Mchezo nao ulikuwa na safari yake. Baada ya toleo la tatu, ambalo marekebisho yake ya mwisho yalitoka mwaka 1999, ulinyamaza kwa karibu miaka kumi, na wengi walidhani umekufa. Toleo la nne lilitokea mwaka 2008 likawaamsha wachezaji wa zamani. La tano lilifuata mwaka 2016, likalaumiwa sana kwa kutolewa kabla ya kukamilika. Ndipo tarehe 2 Juni 2023 likaja la sita, nalo likapokewa kwa shangwe. Waliolitunga walilikumbuka jambo ambalo wazazi wengi hulisahau, kwamba mgeni hafundishwi kwa kupigwa tu. Wakaweka njia nyepesi ya kubonyeza kwa wanaoanza, na ile ya kale wakaiacha kwa wakongwe. Mwezi Juni 2025 waliongeza humo Elena, binti wa Kenya, ambaye alionekana kwanza mwaka 1997 na hupigana kwa miguu kwa mtindo wa kapoera wa Brazili.

Habari hizo zote nilizipata kwa mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11, wakati wa likizo ya muhula wa pili mwaka huo huo. Nilishangaa amejulia wapi. Siku mbili baadaye nilitambua. Katika mkoba wangu zilipungua shilingi 5,000, na jirani alikuwa amemwona kibandani.

Nilimwita sebuleni. Alikana. Nilikwenda nyuma ya mlango nikachukua fimbo. Kaka yangu, aliyekuwa likizoni kwangu, alikuwa ameketi akisikiliza redio. Aliizima.

"Dada," alisema kwa upole, "rudi nyuma kwanza."

Nilisimama. Hakusema neno jingine, wala hakunitazama kwa hasira. Kama angalinilaumu, nadhani ningalijitetea. Lakini alinyamaza kama alivyonyamaza miaka 25, na mbele yangu nilimwona mtoto wa miaka 11 ambaye mdomo wake umekauka kwa hofu. Niliijua hofu ile. Niliweka fimbo chini, nikaketi, nikamsimulia mwanangu habari za chupa ya mafuta ya taa mbele ya mjomba wake, sikuficha kitu.

Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, ni mimi niliyechukua." Akaanza kulia, nami nikalia.

Sikumsamehe bure. Alichota maji ya nyumba nzima muda wa likizo yote badala ya kijana tunayemlipa, mpaka zile shilingi 5,000 zikarudi. Jumamosi moja, sisi watatu tulikwenda kibandani pamoja, kwa fedha yangu na kwa ruhusa yangu. Nilimwona tena Chun-Li. Naye amekua. Katika toleo hili ameacha kazi ya polisi, anamlea binti yatima na kuwafundisha vijana ulinzi wa mwili. Nilimchagua yeye, kaka akamchagua Guile, ambaye bado yumo jeshini. Vidole vyangu vilikuwa vizito, na kaka alinishinda mara tatu mfululizo. Sikumbuki siku nyingine ambayo kushindwa kulinifurahisha hivyo.

Kuna habari moja ya mchezo huu ambayo nimeitafakari sana. Walipokuwa wakilitengeneza toleo la pili, Noritaka Funamizu, mmoja wa wasimamizi, aligundua kwamba pigo moja laweza kuunganishwa na jingine kabla adui hajapata nafasi ya kujikinga. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lilikuwa kosa katika mashine. Hawakulifuta, wakidhani ni jambo gumu kutumika, na kosa hilo likawa msingi wa karibu michezo yote ya mapigano iliyofuata. Simaanishi kwamba wizi ni jambo jema, la hasha. Nasema tu kwamba kosa lililotazamwa usoni laweza kujenga kitu, na lililofichwa hubaki likila nyumba kama mchwa.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mlio na sare, mtoto akikosa tumezoea kuuliza maswali kwa sauti ya kituoni. Sauti hiyo hupata jibu upesi, lakini si daima jibu la kweli. Baba yangu alikuwa polisi hodari na mtu wa haki, na katika nyumba yake mwenyewe alimwadhibu asiye na hatia, kwa kuwa mwenye hatia aliogopa mno kusema.

Lilibaki jambo moja. Kabla likizo ya kaka haijaisha, tulikwenda kijijini kwa mama. Baada ya chakula nilipiga magoti mbele yake nikamweleza yote. Mama alinyamaza kitambo kirefu, akitazama moto. Hakunikemea, wala hakuniambia niinuke. Kisha alifungua fundo la leso yake, akatoa noti ya shilingi 10,000, akamnyoshea kaka.

"Baba," alimwambia, "nenda dukani ukaniletee chumvi. Chenji uniletee yote."

Kaka yangu, sajini wa jeshi, mtu mwenye watoto wanne, aliipokea noti ile kwa mikono miwili, akatoka akikimbia.