Mpingo na Tanzanaiti Angani

Wapenzi wa lugha, angani iko nyota iitwayo Mpingo, na sayari inayoizunguka huitwa Tanzanite. Haya si mafumbo ya mshairi. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ukiadhimisha miaka 100 ya kuasisiwa kwake, ulizialika nchi nyingi, kila moja iipe majina nyota moja na sayari yake. Tanzania ikapata WASP-71, iliyomo katika kundi la Nyangumi. Jina la kwanza ni la mti ambao moyo wake mweusi huchongwa vinyago na klarineti. La pili ni la kito kichimbwacho Mirerani, si mbali na hapa Arusha.

Sayari hiyo ni jitu la gesi. Uzito wake unazidi mara mbili ule wa Mshtarii, na mwaka wake hautimizi siku 3 za kwetu. Hakuna jicho lililoiona. Ilijulikana kwa kuwa hupita mbele ya nyota yake na kuipunguzia nuru, upungufu usiofika sehemu moja ya mia. Sisi tuishio chini ya Mlima Meru twalielewa hilo upesi: usiku wa giza mlima wenyewe hauonekani, ila hutambulika kwa nyota unazozificha.

Je, angahewa ya sayari kama hiyo huchunguzwaje? Hapa kito chenyewe ni mwalimu. Watazameni madalali wa vito mjini wanavyoliinua jiwe kwenye jua. Tanzanaiti ghafi ukiigeuzageuza huonyesha buluu, zambarau na wekundu uliokolea, maana kwa kila upande humeza rangi fulani na kuziachia nyingine. Angahewa nayo humeza. Jitu la gesi lipitapo mbele ya nyota, nuru kidogo hupenya kwenye ukingo wa hewa yake kabla ya kutufikia. Ikitandazwa kama upinde wa mvua, huonekana ina mapengo, na kila gesi huacha mapengo yake yenyewe. Kwa njia hiyo darubini ya Hubble iligundua sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya chakula, kwenye angahewa ya HD 209458 b. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ikabaini hewa ya ukaa kwenye WASP-39 b.

Nimefundisha sekondari kwa miaka mingi. Niliwaona watoto waliotoka shule za msingi wakijieleza kwa ufasaha, wakafika kidato cha kwanza na kunyamaza, kwa kuwa somo la nuru sasa lilifundishwa kwa Kiingereza. Nao maneno walikuwa nayo: nuru, ukingo, pengo, kumeza, upinde wa mvua. Kwa hiyo jina pekee halinitoshi. Tanzanite lenyewe lilibuniwa na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York, mwaka 1968. Sayari itakuwa yetu siku mtoto wa Arusha atakapoweza kumweleza bibi yake, kwa Kiswahili, jinsi ilivyojulikana.

Kazi hiyo si ya wanasayansi peke yao. Washairi, hesabuni: Mpingo ni mizani tatu, Tanzanaiti, kama tulitamkavyo, ni tano. Jumla nane, kipande kamili cha mshororo. Kipande cha pili nawaachia ninyi.