Nsambya, Kilima Alichofia Philly Lutaaya

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kampala, akivuka njia ya reli karibu na Mnara wa Saa na kuielekea barabara iendayo Ggaba, hukifikia kilima cha Nsambya muda si mrefu. Nsambya ni jina la mti pia, wenye maua ya njano, ambao nguzo zake hupendwa na wajenzi. Kilimani hapo pana kambi ya polisi, ambamo watoto wa askari wamezaliwa na kukua kizazi baada ya kizazi. Pana pia kanisa la Mtakatifu Petro, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo wananchi huiita Hospitali ya Nsambya tu.

Hospitali hiyo ina historia ndefu. Tarehe 15 Januari 1903 watawa sita Wafransisko waliwasili Nsambya kwa mwaliko wa Askofu Henry Hanlon. Miongoni mwao alikuwamo Mama Kevin Kearney, mzaliwa wa Ireland. Husimuliwa kwamba wagonjwa wa kwanza walitibiwa chini ya mwembe. Mama Kevin aliitumikia Uganda kwa miaka mingi hata jina lake, Kevina, likawa miongoni mwa Waganda neno la kuitia hospitali na nyumba ya huruma. Basi, tangu mwanzo, Nsambya ilikuwa mahali ambapo mgonjwa hakuulizwa kwanza ametoka wapi wala amefanya nini.

Katika hospitali hiyo, tarehe 15 Desemba 1989, alifariki dunia mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, akiwa na umri wa miaka 38.

Hayati Lutaaya alizaliwa Gomba, katika nchi ya Buganda, tarehe 19 Oktoba 1951. Mwaka 1968 aliacha shule akajitosa katika muziki, na haukupita muda mrefu jina lake likaanza kufahamika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alisafiri na kuimba Kongo. Nchi yake ilipopita katika miaka ya utawala wa mabavu na vita, wasanii wengi walitafuta riziki ugenini, naye katika miaka ya 1980 akaweka makazi Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Huko ndiko alikorekodi, mwaka 1986, santuri iitwayo “Born in Africa”, yaani “Mzaliwa wa Afrika”. Waganda waliokuwa ndio kwanza wanatoka vitani waliipokea kwa shangwe. Aliimba pia nyimbo za Krismasi, maarufu zaidi ukiwa ule uitwao “Tumusinze”, ambazo mpaka leo husikika madukani na majumbani kote Uganda kila ufikapo mwezi wa Desemba.

Wakati Uganda ikimshangilia kijana huyo, gonjwa jingine lilikuwa likiingia majumbani kimya kimya. Watu waliliita “silimu”, kwa jinsi lilivyomkondesha mtu. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni laana. Jeshi halikusalimika. Mwezi Septemba 1986, walipokutana Harare, Rais Fidel Castro wa Kuba alimwarifu Rais Yoweri Museveni kwamba kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikuwa wameonekana na virusi vya UKIMWI. Hao walikuwa vijana imara, wenye uwezo wa kukimbia na kubeba silaha. Habari hiyo ilionyesha wazi kwamba afya ya nje haiwezi kumhakikishia mtu kuwa yu salama.

Hata hivyo, neno lenyewe halikutamkwa. Marehemu alizikwa, na waombolezaji wakaambiwa alikuwa na homa ya matumbo au kifua. Mjane alibaki na siri, na mara nyingi akabaki na maradhi pia.

Mwaka 1989 Lutaaya aliivunja siri hiyo. Alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akawa Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo. Wako waliomwonea huruma, lakini wako pia waliomdhihaki wakidai kwamba anatafuta soko la muziki wake. Yeye hakurudi nyuma. Aliyatumia yale maisha machache yaliyobaki kwa kuzunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana. Akaimba pia “Alone”, wimbo juu ya upweke wa mgonjwa na wajibu wa jamii wa kusimama pamoja naye. Safari hizo zilipigwa filamu, na watazamaji wakamwona mwili wake ukidhoofika mwezi baada ya mwezi. Waliokuwa wakimdhihaki wakakosa la kusema.

Mwishoni mwa mwaka huo alirejea kutoka Sweden, nchi yenye hospitali za hali ya juu, kuja kufia kwao. Akalazwa Nsambya. Zikiwa zimebaki siku kumi tu kufika Krismasi, aliyewaimbia Waganda nyimbo za sikukuu hiyo akaaga dunia, akazikwa Gomba.

Nsambya haikuwa geni kwa wagonjwa wa namna yake. Mwaka 1987 daktari na mtawa Miriam Duggan alikuwa ameanzisha hospitalini hapo huduma ya kuwafuata wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao, kwani vitanda havikutosha. Wahudumu waliingia katika nyumba ambazo hata jamaa walikuwa wameacha kuzikaribia. Waliwafundisha watu wa nyumbani kumwogesha mgonjwa, kumlisha, na kujua kwamba kula naye sahani moja au kumshika mkono hakuambukizi. Mwaka huo huo Bi. Noerine Kaleeba, baada ya kufiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO cha kuwasaidia wagonjwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Dawa za kufubaza virusi zipo, na anayezitumia barabara huishi, hufanya kazi, hulea watoto. Virusi vikishuka hata visionekane katika kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Mama mjamzito anayetibiwa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Lutaaya hakuyapata hayo. Tarehe 17 Oktoba kila mwaka Uganda humkumbuka.

Kwa familia za kambini kumbukumbu hiyo ina uzito wa pekee. Askari huhamishwa leo huku, kesho kule. Mke hubaki peke yake miezi mingi. Na wote wawili huwa na mengi ya kuficha au ya kuogopa. Dawa zimepatikana, lakini hazimfikii asiyepima, na hapimi yule anayeogopa kuchekwa na majirani. Mficha maradhi kilio humfichua. Lutaaya aliyasema maradhi yake wakati ambapo kusema hakukumletea tiba yoyote. Mume na mke wa leo, wakishikana mikono na kwenda kupima pamoja, watakuwa wanasema wakati ambapo kusema kunaokoa maisha.