Sadaka ya Mungu wa Vita

Neno mungu katika Kiswahili halina uume wala uke. Kwa hiyo msimulizi wa habari za Ireland ya kale hana budi kuongeza neno kila amtajapo Morrígan, mungu wa kike wa vita. Jina lake wataalamu wengine hulifasiri Malkia Mkuu, wengine Malkia wa Mizuka. Umbo lake lijulikanalo sana ni kunguru, ndege ashukaye uwanjani watu wakiisha kuuana.

Anao wafuasi hata leo, katika Ireland, Uingereza na Marekani. Imani yao si urithi wa baba kwa mwana. Dini ya kale ilikatika, na watawa wa Kikristo waliozihifadhi hadithi zake hawakuandika namna ya ibada. Mfuasi wa leo hana kitabu cha sala. Ana hadithi tu, na kwa hadithi hiyo hujitungia ibada. Nyumbani hutandika kitambaa chekundu juu ya meza, huweka unyoya mweusi, huwasha mshumaa, humimina maziwa au wiski bakulini. Wengine husafiri hadi Rathcroghan, katika jimbo la Roscommon, wakaingia kwa kutambaa katika pango la Oweynagat, ambalo maandiko ya kale hulitaja kuwa makao yake. Wako waachao humo mishumaa na vikorokoro. Ni heshima ya ajabu kumchafulia mwenyeji nyumba.

Lililo gumu ni sadaka. Mungu wa vita apewe nini na mtu asiyepata kushika upanga? Baadhi yao wamejibu kwa kutoa damu kwa ajili ya wagonjwa, na jibu hilo lina busara kuliko mishumaa yote ya pangoni.

Atatokea wa kusema kwamba huko ni kumlainisha mungu mkali. Lakini asome Táin Bó Cúailnge. Morrígan alimtaka shujaa Cú Chulainn, akakataliwa. Akamwingilia vitani, kwanza kwa umbo la mkunga, kisha mbwa mwitu jike, kisha mtamba mwekundu asiye na pembe. Shujaa akamvunja mbavu, akampasua jicho, akamvunja mguu. Baadaye, akiwa hoi kwa kiu, Cú Chulainn alimkuta ajuza akikama ng'ombe mwenye chuchu tatu. Aliomba maziwa, akapewa mara tatu. Kila alipokunywa alimbariki mtoaji, na kwa kila baraka jeraha moja la ajuza likapona. Alipotambua ni nani, alisema kwamba angalijua asingalimponya.

Mtoa damu naye hajui atakayeponywa. Hujilaza, huchomwa sindano, na kiasi cha nusu lita humtoka, naye kimoyomoyo analitaja jina la Morrígan. Muuguzi aliye kando yake hana habari za kunguru. Humfunga bendeji, akamwonyesha kiti cha kupumzikia, akamwita anayefuata.