Ugonjwa haustaafu

Akiba haiozi, walisema wazee wetu. Neno hilo lamfaa zaidi mtu anayekaribia kumaliza kazi. Hapa Bunia mfanyakazi akitimiza miaka 60, sheria yamruhusu kupumzika na kudai pensheni yake. Jamaa na rafiki humpongeza, nao wafanya vema. Lakini siku hiyo ya furaha ni wachache wamwulizao swali hili: kesho ukiugua, nani atamlipa mganga?

Swali hilo si dogo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi wake pamoja na jamaa yake, muda wote mkataba unapodumu. Mkataba ukiisha, wajibu huo nao waisha. Basi mtu apoteza matibabu katika umri uleule ambapo presha, sukari, macho na magoti huanza kudai haki yao.

Wengi hutujibu: “Nilikatwa feza miaka yote, CNSS itanitibu.” Ndugu, tuelewane vizuri. CNSS, ambayo zamani tuliiita INSS, yafuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016, nayo ina matawi matatu: msaada kwa jamaa, ajali na magonjwa yaletwayo na kazi, na pensheni. Kwa pensheni mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza 5. Malaria ya kawaida au presha ya uzee haina tawi lake hapo.

Serikali nayo imeanza mpango wa afya kwa wote. Ulizinduliwa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2023, ukaanza na mama wanaojifungua na watoto wachanga. Ni haki kuanza hapo, maana hao hufa upesi. Lakini babu wa Mudzi-Pela asikae kivulini akingojea zamu yake bila kujitengenezea kitu.

Sisi makatekista tunaopita kutazama wagonjwa twaona yanayotokea. Tulimjua mzee mmoja, dereva kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwezi wa tatu baada ya kustaafu, presha ilimwangusha. Alikwenda na kadi yake ya zamani ya kazi, akaambiwa haifai tena. Watoto wakachanga; mmoja wao, fundi wa nguo, akauza cherehani yake. Mzee alipona, twashukuru. Lakini binti yule alibaki bila chombo cha kazi. Ugonjwa mmoja ukaleta umaskini katika nyumba mbili.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na ilijaribiwa hapa hapa nchini. Mwaka 1986 hospitali ya Bwamanda, katika Ubangi, ilianzisha bima ya kusaidiana. Watu waliandikishwa mara moja kwa mwaka, wakati walipokwisha kuuza mazao na feza ingalimo mkononi. Katika majuma manne ya kwanza, zaidi ya robo ya watu wa wilaya ile walijiunga. Aliyelazwa hospitalini alilipa asilimia 20 tu ya deni. Sanduku lililipa iliyobaki.

Tazameni hekima mbili za Bwamanda. Ya kwanza: mlango ulifunguliwa kwa muda, kisha ukafungwa, ili mtu asingoje homa ndipo aje kulipa. Ya pili: nyumba nzima iliandikwa pamoja, mzee na mtoto, mzima na mgonjwa. Kwa maana wakiingia wagonjwa peke yao, sanduku litakauka mapema. Sisi tunaojua likelemba hatuhitaji mwalimu wa jambo hili: anayetaka kupokea tu bila kutoa huvunja chama.

Kwa hiyo usingoje miaka 60. Ungali na mshahara, iandikishe nyumba yako yote katika mutueli ya afya. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017, vyama hivyo vina kanuni zake. Kabla ya kutoa franka moja, uliza: Je, chama hiki kimekubaliwa na Serikali? Hospitali gani zinaipokea kadi yake? Nikistaafu, nitabaki mwanachama? Presha na sukari zimo? Nitangoja miezi mingapi kabla ya kutibiwa? Majibu yaandikwe, na karatasi zitunzwe pamoja na za pensheni.

Nanyi vijana wenye mshahara, yaandikeni majina ya baba na mama katika kadi yenu ikiwa chama chakubali. Mchango wa kila mwezi hauonekani mkubwa, wala hakuna atakayewapigia makofi. Lakini ni rahisi kuliko kuuza cherehani usiku wa manane.