Burashi Iliyokwama

Hapa kwetu Irumu bunduki tunazijua kuliko tunavyopenda. Vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003 vilituzoeza milio yake. Lakini jioni moja tulipata fundisho jingine, nalo lilitoka kwa burashi ndogo isiyopita urefu wa kidole.

Baba yetu mdogo ni polisi. Jioni ile alikaa barazani akisafisha bastola yake. Alitia burashi ya waya kwa mdomo wa mtutu, na ilipofika katikati akataka kuirudisha nyuma. Kumbe nywele za burashi hulala upande mmoja. Ukizirudisha kabla hazijatokea ng'ambo, hujipinda na kushika kama mwiba wa samaki kooni. Akavuta, akazungusha, ufito ukafunguka, ukatoka mtupu. Burashi ikabaki ndani.

Jasho likamtoka. Kesho yake alipaswa kuonyesha silaha kwa mkubwa wake. Akasema, "Nitapiga risasi moja, itaisukuma nje." Sisi tulinyamaza, maana mtoto hamkanyi mzazi. Lakini mama mdogo aliacha chungu motoni, akaja kumshika mkono: "Baba, nenda kwanza kwa mzee."

Mzee huyo ni fundi wa baiskeli, na zamani alikuwa askari. Aliposikia habari ya risasi alitikisa kichwa. "Risasi ikikuta njia imezibwa, nguvu ya baruti haina pa kupita. Mtutu utapasuka mkononi mwako, mbele ya watoto hawa."

Kwanza akafungua gurudumu la risasi, akatazama matundu yote, moja moja, mpaka akahakikisha hayana kitu. Kisha akadondosha mafuta mepesi katika mtutu, huku na huku, akasema, "Sasa twende tukalale."

Alfajiri akakata kipande cha ufito wa shaba, mnene karibu sawa na tundu la mtutu. Akatueleza kwamba chuma kigumu kingekwaruza mifereji ya ndani, bali shaba ni laini. Akailaza bastola juu ya tambara, akagonga polepole kwa nyundo ya mti. Hakuirudisha burashi ilikotoka. Aliisukuma mbele, kule ilikokuwa ikienda. Mwishowe ikaanguka. Akauelekeza mtutu kwenye mwanga, akaona ni mzima.

Baba mdogo akainamisha kichwa. Mzee hakumcheka, alimwambia tu, "Ungalikuja jana mapema, ungalilala vizuri."

Ndugu, burashi haikuwa hatari kubwa. Hatari ilikuwa aibu, iliyomfanya atake kumaliza neno upesi kabla watu hawajajua. Nasi je? Wangapi tunabeba kinyongo kilichokwama moyoni tangu vita, na tunatafuta kukitoa kwa mshindo mmoja? Tukipeleke kwa mtu mwenye subira, tukipeleke kwenye kitubio, tukubali kungoja usiku mmoja. Afichaye kosa lake hulikaza. Aliungamaye hulifungulia njia.